Usanifu wa tangazo la albamu jaridani: kipi ni lazima na kipi ni mazoea tu?

Msanifu wa Milimani, Kisumu

Salamu kwenu nyote. Nimepewa kazi ya kusanifu tangazo la ukurasa mzima kwa ajili ya jarida linalosomwa hapa Kisumu na katika miji jirani hadi Kakamega na Busia, na ningependa kupata maoni ya wenye uzoefu kabla sijaupanga ukurasa. Linalotangazwa ni albamu ya kwanza ya bendi ya vijana saba wanaopiga benga yenye mchanganyiko wa ohangla, nyimbo zao nyingi zikiwa za Dholuo na chache za Kiswahili. Jalada limekwisha kutengenezwa na msanii mwingine, nami nimelipenda sana: orutu moja, ile fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, imeegemezwa kwenye ukuta wenye rangi ya kutu, upinde wake umelala sakafuni, na jina la bendi limeandikwa kwa herufi nyembamba nyeupe juu upande wa kushoto.

Kazi zangu za kila siku ni kadi za harusi, kalenda na ripoti za mashirika, kwa hivyo nimekuwa nikipitia matangazo ya albamu yaliyochapishwa katika majarida ya muziki ya Uingereza na Marekani ili nione yanayojirudia. Karibu yote yana picha moja inayotawala ukurasa, jina la msanii kwa herufi kubwa kuliko maandishi mengine, jina la albamu chini yake, tarehe ya kutoka, majina ya nyimbo mbili au tatu ambazo tayari zimesikika redioni, nyota au maneno ya sifa kutoka kwa wahakiki, na nembo ya kampuni ya kurekodi katika kona ya chini. Rangi na fonti aghalabu huwa zile zile za jalada. Mpangilio huo nauona waziwazi, lakini sizijui sababu zake, na bila kuzijua siwezi kuamua ni kipi cha kufuatwa hapa kwetu na kipi kiachwe huko kilikotoka.

Ninauliza hivyo kwa sababu meneja wa bendi anataka nyuso zote saba zionekane, nyimbo zote ziorodheshwe, nambari tatu za simu ziwekwe, nembo za wafadhili zipangwe chini, na ratiba ya maonyesho ijazwe palipobaki. Mimi naona lile jalada lingetosha kuwa picha ya tangazo zima. Je, ni lazima picha ya tangazo iwe ya jalada, au inaweza kuwa ya wanabendi? Maneno yapangwe kwa utaratibu gani? Na maneno ya sifa tuyatoe wapi ilhali albamu bado haijahakikiwa na mtu yeyote?

Mzee wa Santuri, Kericho

Dada Msanifu, umefanya vyema kuuliza sababu, kwa maana ukizijua, utaweza kumjibu meneja wako bila kugombana naye. Kila kitu ulichokitaja kilianza kama msaada kwa mnunuzi ambaye, baada ya kulifunga jarida, alikuwa na safari ya kwenda dukani. Alihitaji kulitambua jalada akiliona rafuni, kulitaja jina mbele ya muuzaji, kujua siku ya kwenda, na kuwa na sababu ya kutoa pesa zake. Kisichomsaidia katika mojawapo ya hayo kilikuwa kikiondolewa, au kikiwekwa kwa herufi ndogo kabisa chini.

Nianze na jalada. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 santuri nyingi ziliuzwa ndani ya bahasha au majalada yasiyo na picha, na matangazo yake yalikuwa majina na orodha tu. Alex Steinweiss, aliyeajiriwa na Columbia Records mwaka 1938, ndiye aliyeishawishi kampuni hiyo iyapambe majalada kwa michoro. Columbia ilipoleta santuri ndefu ya mizunguko 33⅓ kwa dakika mwaka 1948, ule mraba wa sentimita 30 hivi ulikuja kuwa ndio uso wa muziki wenyewe, na mnunuzi akawa anapekua picha moja baada ya nyingine dukani mpaka aione anayoitafuta. Tangazo la jarida lilikuwa na jukumu la kuyazoesha macho yake mraba huo mapema. Ndiyo maana nakushauri usikubali tangazo lisilo na jalada ndani yake, liwe kubwa au dogo. Mitindo mikuu ni miwili: ama jalada lenyewe linakuwa picha ya ukurasa, ama picha ya wasanii inatawala na jalada linawekwa dogo katika kona ya chini, likiwa zima, halijakatwa wala kufunikwa na maandishi. Mtindo huu wa pili ulifaa sana baada ya diski za CD kuingia sokoni mwaka 1982, kwa sababu jalada lilikuwa limepungua hadi sentimita 12 na picha nyingi hazikuwa na nguvu tena zikitazamwa kwa mbali.

Mtindo wa kwanza una hesabu yake, na hesabu hiyo inaeleza kwa nini matangazo mengi yanafanana hata pale wasanifu hawakuigana. Jalada ni mraba, ukurasa ni mstatili. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ukilitandaza jalada kutoka ukingo hadi ukingo upande wa juu, unabaki na ukanda wa milimita 87 chini, nao ndio unaobeba maneno yote. Wasanifu hodari huiendeleza rangi ya chini ya jalada iingie katika ukanda huo ili usionekane kama kiraka. Kwa jalada lako, sakafu ile yenye upinde inaweza kushuka hadi mwisho wa ukurasa, na maneno yakaandikwa juu yake.

Jina la bendi lina jambo lake. Umesema jaladani limeandikwa kwa herufi nyembamba upande wa juu. Si tatizo la jalada. Jalada la Pink Floyd la mwaka 1973, lile la prizimu na mwali wa nuru, halikuwa na neno hata moja upande wa mbele. Lakini kadiri jalada linavyonyamaza, ndivyo tangazo linavyopaswa kusema. Usiliguse jina lililo ndani ya jalada wala usilikuze. Liandike upya katika ukanda wa chini, kwa herufi kubwa kuliko zote, kisha jina la albamu lifuate kwa ukubwa unaotofautiana waziwazi, ili asiyewajua asidhani kwamba jina la albamu ndilo jina la bendi. Kwa msanii ambaye uso wake unajulikana kote, jina la albamu linaweza kutangulia, kwa sababu picha tayari imekwisha kumtaja. Bendi yako haijafika hapo.

Unapokusanya mifano, tenganisha aina mbili za matangazo ambazo watu huzichanganya. Billboard, lililoanzishwa mwaka 1894, ni jarida la wafanyabiashara. Matangazo yake yaliwalenga wenye maduka na watangazaji wa redio, ndiyo maana yamejaa nafasi za wimbo kwenye chati, nambari za santuri na ahadi za kampuni. NME la Uingereza, lililoanza mwaka 1952, na Rolling Stone la mwaka 1967, yalisomwa na mashabiki. Hata huko ilikuwa kawaida kukuta nambari ya santuri na mstari unaosema kwamba kanda pia inapatikana, kwa sababu dukani mtu aliweza kuagizia albamu kwa nambari hiyo. Leo nambari hiyo haimsaidii msomaji wako hata kidogo, nawe usiiweke kwa ajili ya mapambo.

Kuhusu orodha ya nyimbo zote, nadhani najua meneja wako anakoitoa, na nisingependa umdharau. Santuri za benga zilizouzwa sana katika eneo letu miaka ya 1970, zikiwemo zilizorekodiwa hapa Kericho na kampuni ya Chandarana, zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45, mara nyingi wimbo mmoja ukigawanywa pande mbili. Nyingi ziliwekwa katika bahasha za kampuni zinazofanana. Mnunuzi hakuwa na picha ya kuitambua, alikuwa na jina la wimbo, jina la bendi na rangi ya lebo katikati ya santuri. Kutangaza muziki wakati huo kulikuwa kutaja nyimbo. Albamu yenye jalada la kukumbukika haihitaji hivyo. Nyimbo mbili zinazojulikana zinatosha, na zilizosalia msomaji atazikuta ndani.

Fundi Chapa, Nakuru

Nakubaliana na Mzee, nami naongeza upande wa matbaa, kwa sababu nimeona kurasa nzuri sana kwenye skrini zikitoka mashineni zimezima. Muulize kwanza mwenye jarida anatumia karatasi gani. Ikiwa ni karatasi laini yenye mng'aro, rangi ya kutu itatoka vizuri. Ikiwa ni karatasi ya aina ya gazeti, nukta za wino zitatanuka, na kutu yako, ambayo imeundwa kwa majenta na manjano pamoja na kiasi cha nyeusi, itaelekea kuwa kahawia iliyokolea. Katika hali hiyo punguza nyeusi kabla ya kutuma faili, na uombe karatasi ya majaribio badala ya kuamini skrini. Faili iwe katika rangi nne za uchapishaji tangu mwanzo. Ukiacha matbaa ibadilishe rangi za skrini, hutajua kilichobadilika mpaka nakala zimekwisha kufungwa.

Zile herufi nyembamba nyeupe ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Nyeupe katika chapa ni karatasi iliyoachwa bila wino, na karibu yake kuna wino wa rangi tatu au nne. Kila rangi ina sahani yake ya kuchapia, na sahani moja ikisogea hata kwa sehemu ndogo ya milimita, rangi inaingia ndani ya herufi na mstari mwembamba unamezwa. Jina lililo ndani ya jalada huwezi kulibadilisha, na kwa kuwa ni kubwa kiasi litaponea. Katika ukanda wa chini, lakini, usiandike maneno madogo meupe kwa fonti hiyo hiyo. Tumia uzito wa juu zaidi wa fonti ile ile ikiwa upo, na usishuke chini ya pointi 9 kwa maandishi meupe. Maandishi meusi juu ya rangi nyepesi yanaweza kushuka hadi pointi 6 au 7, na hapo ndipo pa kuweka mistari ya hakimiliki.

Mwombe msanii wa jalada faili halisi. Jalada linalotayarishwa kwa ajili ya huduma za kusikiliza muziki mtandaoni mara nyingi huwa na piseli 3,000 kwa 3,000, nazo zinatosha kabisa, kwa sababu milimita 216 kwa piseli 300 kila inchi ni piseli 2,551. Nimeandika 216 na si 210 kwa kuwa kila ukingo unahitaji milimita 3 za ziada zitakazokatwa. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha hubanwa na kupoteza ubora, basi mwambie aitume kama hati au kwa barua pepe. Uliza pia tangazo litakaa ukurasa wa kulia au wa kushoto. Wa kulia huonekana upesi zaidi jarida linapofunguliwa na hutafutwa na watangazaji wengi, lakini kwako kuna jambo kubwa kuliko hilo: jina la bendi liko kushoto, na kwenye ukurasa wa kulia upande wa kushoto ndio uliobanwa na gundi. Jarida nene litalimeza jina hilo. Ukipewa ukurasa wa kulia, sogeza jalada lote kidogo kuelekea nje ukiwa na rangi ya ukuta ya kujazia pengo.

Mwalimu wa Sanaa, Kakamega

Ninawaheshimu waliotangulia, ila kuhusu picha nina maoni tofauti, na ningeomba Dada Msanifu ayapime. Bendi hii haijulikani. Msomaji wa Busia anayeiona orutu imeegemezwa ukutani anaweza kudhani ni tangazo la tamasha la utamaduni au la makumbusho, na akafungua ukurasa unaofuata. Mtu husimama akitazamwa. Katika matangazo ya muziki wa pop, msanii humkodolea msomaji macho moja kwa moja, na hilo halikuzuka hivi hivi, kwani linaanzisha uhusiano kabla neno lolote halijasomwa. Bendi za roki hupangwa kwa ngazi, kiongozi mbele, wengine wakiwa wamerudi nyuma hatua moja au mbili na kila mmoja akitazama upande wake. Wasanii wa rap hupigwa picha kutoka chini ili waonekane warefu. Wapiga ala wa muziki wa Kizungu wa kale huonyeshwa pamoja na ala zao, karibu kila mara. Msomaji hazijui kanuni hizi kwa majina, lakini macho yake yanazijua, na kwa mtazamo mmoja anatambua aina ya muziki anaouzwa.

Hata hivyo sikubaliani na meneja kuhusu nyuso saba zilizopangwa mstari mmoja. Hesabu ni rahisi: ukitoa pambizo, ukurasa unabaki na milimita 190, na kila mwanabendi anapata milimita 27. Uso wenyewe utakuwa nusu ya hapo au chini yake, nao hautamtazama mtu yeyote. Ningependekeza mpiga orutu na mwimbaji wakae mbele, wengine watano nyuma yao kwa pembetatu, mbele ya ukuta ule ule wa rangi ya kutu uliotumika kwenye jalada, kisha jalada zima likae dogo kulia chini. Kwa njia hiyo ala, nyuso na rangi vinakuwa kitu kimoja, na msomaji atakayekutana na jalada peke yake baadaye atakumbuka alikouona ukuta huo.

Kanuni ya picha moja si sheria ya dunia nzima. Kampuni ya Pen & Pixel ya Houston, Texas, iliyoanzishwa mwaka 1992, ilijaza majalada na matangazo ya rap ya kusini mwa Marekani kwa almasi, magari, miali ya moto na herufi zilizong'arishwa kama dhahabu, na msongamano huo wenyewe ukawa alama ya muziki ule. Mabango ya ohangla yanayobandikwa mtaani Kondele, huko Kisumu, yana msongamano wa namna yake, nao una watu wanaoupenda kwa dhati. Ikiwa bendi yenu inajinadi kwa watu hao, msilifanye tangazo liwe tupu na tulivu mno kwa sababu tu majarida ya London hufanya hivyo. Nina hakika kuna nafasi kati ya hayo mawili, na ukanda wa chini unaweza kuchangamka zaidi ya ilivyopendekezwa, kwa mfano kwa kuliandika jina la bendi kwa mkono kama waandishi wa mabango wanavyofanya.

Kuhusu maneno ya sifa, nyota za wahakiki zilikuwa na nguvu kwa sababu msomaji alikuwa tayari akiyaamini majarida yaliyotajwa kando yake, na mara nyingi alikuwa ameyashika mkononi. Albamu isiyohakikiwa haina nyota, na kuzibuni ni udanganyifu. Wekeni jambo la kweli linaloweza kuthibitishwa: kituo cha redio ambacho kimekuwa kikiupiga wimbo wao, au ukumbi wanaopiga kila wiki, mkipata ruhusa ya kuutaja. Yaandikwe kwa sauti ya bendi yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1968 Columbia ilitoa katika magazeti ya vijana wa Marekani tangazo lililoonyesha waandamanaji wakiwa ndani ya seli, likidai kwamba muziki hauwezi kukamatwa. Wengi waliona kampuni kubwa inaiazima hasira yao ili iuze santuri, na limekuwa likitajwa kwa kebehi tangu hapo. Kama vijana hawa hawazungumzi Sheng jukwaani, wasizungumze Sheng tangazoni.

Jambo moja dogo la mwisho, kwa kuwa nawaona wanafunzi wangu wakilifanya: ile nembo nyeusi na nyeupe ya kuwatahadharisha wazazi msiiweke kama pambo. Ilitokana na makubaliano kati ya wazazi waliolalamika na chama cha kampuni za kurekodi za Marekani mwaka 1985, na umbo lake likasawazishwa mwaka 1990. Inamaanisha kwamba albamu ina maneno yasiyowafaa watoto. Albamu yenye nyimbo za kusifu akina mama wa Nyakach haina haja nayo.

Msanifu wa Milimani, Kisumu

Asanteni sana Mzee, Fundi na Mwalimu. Nimezungumza na meneja asubuhi hii nikiwa na hoja zenu mkononi, naye amekubali picha ya pembetatu mbele ya ukuta wa jalada, jalada zima likiwa upande wa chini. Orodha ya nyimbo ameiachilia baada ya kuelezwa habari ya santuri ndogo. Nimethibitisha pia kwamba karatasi ni ya kung'aa, na ukurasa wetu ni wa kushoto, kwa hiyo kulia chini ndiko kwenye gundi na jalada litahamia kushoto.

Yamebaki mawili. Jarida hutoka mara moja kila miezi mitatu, na sijui tarehe iandikwe vipi ili isichakae. Tena hapa kwetu mtu haendi dukani kununua albamu. Anakwenda YouTube, Boomplay au Mdundo, ama anaweka wimbo kwenye Skiza, ile huduma ya Safaricom ambayo anayekupigia simu husikia wimbo badala ya mlio. Je, hizo nembo zote ziwekwe?

Mdau wa Studio, Kondele

Dada, hayo mawili ndiyo kazi yangu, kwa hivyo niruhusu nijibu kwa urefu kidogo.

Tarehe ina desturi nyuma yake. Zamani albamu zilitoka Jumatatu nchini Uingereza na Jumanne nchini Marekani, na matangazo yaliitaja siku hiyo kwa herufi kubwa. Tangu tarehe 10 Julai 2015 kampuni nyingi duniani zimeafikiana kutoa albamu siku ya Ijumaa, nanyi mkifuata siku hiyo hamtakosea, kwa sababu huduma za mtandaoni husasisha orodha zake za nyimbo mpya siku hiyo. Jarida la miezi mitatu litakaa juu ya meza za vinyozi na kliniki hata baada ya albamu kutoka, basi msiandike "inatoka hivi karibuni" wala "wiki ijayo". Andikeni "Kuanzia Ijumaa", kisha tarehe kamili pamoja na mwaka. Maneno hayo yanabaki kweli kabla ya siku hiyo na baada yake. Ratiba ya maonyesho iacheni kwenye mabango na kurasa zenu za mtandaoni. Onyesho lililopita likibaki jaridani linaifanya albamu nayo ionekane ya zamani.

Nembo za huduma zote zikipangwa pamoja hula nafasi na hazimpeleki mtu popote, kwa sababu hakuna anayeweza kubonyeza karatasi. Wekeni msimbo mmoja wa QR unaofungua ukurasa wenye viungo vyote, na hakikisheni ukurasa huo mnaweza kuubadilisha wenyewe baada ya jarida kuchapishwa. Msimbo uwe na upana usiopungua sentimita 2, rangi iliyokolea juu ya rangi nyepesi, na pande zote nne uachiwe nafasi tupu yenye upana wa vijiraba vinne vya msimbo wenyewe. Wengi husahau nafasi hiyo, wakausukumia msimbo kwenye ukuta wa picha, na simu ikashindwa kuusoma. Chini yake andikeni anwani fupi, kwa kuwa wapo wasiojua kutumia QR.

Skiza ndiyo itakayowapa faida ya haraka katika eneo letu, na haihitaji simu ya kisasa. Zile nyimbo mbili alizozitaja Mzee ziandikwe kila moja kwenye mstari wake, na msimbo wake wa Skiza ufuate papo hapo pamoja na maagizo kwamba utumwe kwa 811. Msizirundike tarakimu zote mahali pamoja, kwa maana msomaji atauchukua msimbo wa wimbo mwingine. Tumieni fonti ambayo tarakimu zake zina upana sawa na ambayo 1 na 7 haziwezi kuchanganywa.

Nambari za simu zipunguzwe hadi moja, iandikwe kwamba ni ya mialiko ya bendi, na igawanywe kwa mafungu ya tarakimu nne, tatu na tatu ili isomeke kwa urahisi. Kwa nembo za wafadhili, zipangeni mstari mmoja, zote kimo kimoja na rangi moja, chini kabisa ya mstari wa hakimiliki. Mfadhili akidai nembo yake iwe ya rangi, mwonyesheni ukurasa mzima ulivyo badala ya kubishana naye kwa simu. Wengi wakiuona hukubali.

Kabla ya kupeleka faili matbaani, chapisheni ukurasa kwa ukubwa wake halisi pale Oginga Odinga Street au popote penye mashine nzuri. Mpeni mtu asiye wa bendi ausome, atume misimbo yote miwili kutoka simu yake mwenyewe, na aifungue QR kutoka kwenye karatasi hiyo hiyo wala si kwenye kompyuta. Tarakimu moja ikikosewa, marekebisho yatasubiri toleo lijalo, na hapo albamu itakuwa na miezi mitatu sokoni.